Kiti cha Nalianya

Shemeji Wakoli alifika mtaa wa Jericho, mjini, Jumamosi asubuhi, Mideva akiwa bado anafagia mlangoni, na hata salamu hakuitoa kwanza. Alipita moja kwa moja hadi kwenye gari, akalizunguka, akapiga boneti kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, ndipo akageuka.

"Mulamwa," alimwita shemeji yake kwa lugha ya kwao, "habari za hapa?"

"Nzuri, shemeji. Karibu ndani. Ulisafiri usiku?"

"Usiku kucha. Chai nitakunywa, lakini iwe ya haraka. Nataka saa za mchana niwe nimeshapita Naivasha."

Kupita Naivasha na nini? Mideva hakuuliza. Jibu alikuwa ameshaliona likining'inia kwenye kidole cha shemeji yake: ufunguo wa Nalianya, marehemu mumewe, pamoja na ile rimoti ndogo nyeusi aliyokuwa akiibonyeza kila jioni kabla ya kuingia ndani, gari likaitika kwa mlio mmoja wa kujibu. Wakoli alikuwa ameuchukua ufunguo huo kule kwao Kimilili, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi. Aliutia kwenye mfuko wa koti mbele ya wazee wote, na hakuna aliyekohoa.

Ndani, Wakoli aliketi kwenye kiti cha marehemu ndugu yake bila kukaribishwa, akanyoosha miguu. Alitazama redio. Alitazama kabati la vyombo. Alitazama mapazia pia, jamani, mapazia! Mideva alimmiminia chai.

"Sukari ya mjini imekuwa ya kunusa tu," Wakoli alisema baada ya kuonja.

"Niongeze, shemeji?"

"Acha. Sikiliza, mama Lorine. Wazee wamekaa. Wameona siku ya makumbusho, ya kumkumbuka marehemu, ikifika, mali yake iwe imesimama pale bomani, watu waione, halafu igawanywe kwa utaratibu. Kwa hiyo gari nalipeleka leo. Wewe utafuata pole pole na vyombo. Utapewa mahali kando ya shamba la mama. Nyumba ya mjini ni ya nini tena?"

"Na Lorine? Ana shule huku."

"Kwani Kimilili watoto hawasomi?"

Mideva alitazama sakafu. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni hata akaogopa kuufungua. Gari hilo ndilo lililokuwa limebaki. Nalianya alilinunua kwa pesa alizopewa walipopunguzwa kazini, Toyota nyeupe iliyotoka Japani ikiwa imetumika, akalifanya teksi, na teksi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya vyumba hivi viwili na karo ya binti. Mideva alikuwa ameshaongea na Phares, dereva mwenza wa marehemu, mtu mwaminifu, na Phares alikubali kuliendesha na kumletea hesabu kila jioni. Kilichobaki kilikuwa makumbusho yapite tu. Gari likienda leo, nyumba ingelifuata kabla mwezi haujaandama.

"Shemeji, mimi nilikuwa nimewaza..."

"Ulikuwa umewaza." Wakoli aliweka kikombe chini. "Mama Lorine, kuwaza ni kwa wenye mali. Asante kwa chai."

*

Alisimama kando ya mlango wa dereva, akainyoosha rimoti mbele yake na kuibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu na kwa kukunja uso. Kimya kile kile.

Ukweli ni kwamba rimoti hiyo ilikuwa imeisha betri kitambo. Wajukuu wa Wakoli kule Kimilili waliigundua mfukoni mwa koti na kuchezea taa yake nyekundu mchana kutwa, mpaka taa ikafifia na wao wakaichoka. Lakini hata ingekuwa nzima, isingesaidia kitu, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limekufa. Na aliyeliua alikuwa nani? Mideva alikumbuka vizuri. Siku ile ya kunyoa nywele alipiga magoti, akasema: shemeji, gari lile lina alamu, kataa kake kadogo kekundu kanamulika usiku na mchana kakila betri, niruhusuni niwe naliwasha kidogo kila asubuhi. Wakoli alimjibu mbele ya watu wote: "Kiti cha marehemu hakikaliwi na mwanamke kabla ya makumbusho. Hata mlango usiguse." Basi hakugusa. Kila usiku alisimama dirishani akitazama kale kataa kekundu kakimulika ndani ya gari, kakizidi kufifia, mpaka usiku mmoja akafungua pazia na kukuta giza tupu. Alilia usiku huo kuliko alivyolia kaburini.

"Mbona halifunguki?" Wakoli aliuliza.

"Nafikiri betri imelala, shemeji."

"Imelalaje na gari halijaendeshwa?"

Ungemweleza nini mtu kama huyo?

Wakoli akaamua kutumia ufunguo. Akauingiza kwenye kitasa, ukaingia nusu na kukwama. Akausukuma. Akauchomoa, akaupuliza, akaujaribu upande wa abiria, ukazunguka bure kama kijiko kwenye uji. Vitasa hivyo wezi walikuwa wamevichokoa kwa bisibisi mwaka uliopita, Nalianya alipoegesha karibu na Soko la Burma kwenda kununua nyama. Hakuvitengeneza kamwe. Alisema rimoti inatosha.

Majirani wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Huyu anaanika nguo ambayo tayari imekauka, yule anamwaga maji kidogo kidogo. Wakiuru, mama yake Gitonga, jirani wa ukuta mmoja na Mideva, hakujisumbua na kisingizio. Alileta kigoda chake, akaketi na sufuria ya maharagwe mapajani akaanza kuchambua.

"Mama Lorine," aliita kwa sauti ya kusikika hadi Makadara, "huyo mgeni ni fundi?"

"Ni shemeji yangu, mama Gitonga."

"Ai! Nilifikiri ni fundi. Maana anashughulika."

Kicheko kikapita kwenye kamba za nguo. Wakoli alivua koti, akalikunja na kuliweka juu ya gari. Mzee wa kanisa huyu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu anayeamkiwa kwa mikono miwili sokoni kwao, sasa alikuwa amekwama mbele ya wanawake wa mjini na ufunguo usiofungua kitu. Jasho lilimtoka. Akamgeukia Mideva na kushusha sauti.

"Umelifanya nini hili gari?"

"Uliniambia nisiliguse. Sikuligusa."

"Kuna kitu umefanya. Nyinyi wanawake wa huku mna ujanja."

Mideva alihisi uso ukimchoma. Angeweza kumwambia habari ya vitasa. Angeweza pia kumwambia habari ya kile kidude cheusi kilichofichwa chini ya usukani, nyuma ya kifuniko cha fyuzi, ambacho Nalianya alimwonyesha jioni moja na kumwambia: alamu ikipandwa na wazimu, bonyeza hapa uhesabu mpaka tano, itatulia, na usimwonyeshe mtu. Hakuulizwa. Alikuwa ameambiwa ana ujanja, na neno hilo halina jibu la heshima. Akajifunga leso vizuri, akaenda kusimama karibu na Wakiuru.

"Wewe nyamaza tu," Wakiuru alimnong'oneza bila kuinua macho kwenye maharagwe. "Aumane nalo."

*

Wakoli aliuliza njia, akaenda hadi Jogoo Road, akarudi na fundi wa magari aitwaye Mbuthia, kijana mwembamba mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake, akiendesha pikapu ndogo inayokohoa. Mbuthia alitazama gari, akamtazama Wakoli, akawatazama wanawake.

"Mzee, hii gari ni yako?"

"Ni ya kwetu. Ya ndugu yangu."

"Sawa. Mimi kazi yangu ni kufungua tu, maneno mengine sijui."

Alitoa kipande cha chuma bapa, akakipenyeza kati ya kioo na raba ya mlango, akakivuta huku na huku akiwa ametoa ulimi, na mlango wa dereva ukafunguka. Wakoli akashangilia kwa sauti ya kanisani. "Asifiwe Bwana!" Akakisukuma kiti nyuma kupisha tumbo lake, akaketi. Kwenye kiti cha marehemu! Mideva aliona goti la Wakoli likigusa usukani pale goti la Nalianya lilipokuwa likigusa.

"Makumbusho hayajafika, shemeji," alisema. Sauti ilimtoka kabla hajaizuia.

"Hiyo niliwaambia wanawake," Wakoli alijibu bila kumtazama. "Fundi, washa!"

Mbuthia alifungua boneti, akasogeza pikapu yake hadi pua zikakaribiana, akatoa nyaya nene za kujampu, za kuazimia betri umeme. Akafunga upande wa pikapu. Akafunga upande wa Toyota. Cheche ndogo ikaruka.

Alamu ikalia.

Nayo haikulia kwa adabu. Ilipiga yowe la kupanda na kushuka, taa zote zikawaka na kuzima, honi ikapokezana na king'ora, na kitongoji kizima kikasikia. Sasa, mgeni hakujua jambo moja kuhusu mitaa hiyo. Miaka hiyo magari yalikuwa yakiibwa na watu wakiuawa kwa ajili ya magari, na Nalianya mwenyewe, baada ya vile vitasa vyake kuchokolewa, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wakubaliane: alamu ya mtu yeyote ikilia, kila aliye nyumbani atoke, na atoke na kitu mkononi. Walikubaliana. Zaidi ya mara moja walikuwa wametoka, na mara moja katika hizo mwizi hakuondoka kwa miguu yake.

Basi wakatoka. Milango ilipigwa, viatu vikakimbia kwenye saruji. Waliotoka mbali hawakujua habari ya chai wala ya shemeji. Walichoona ni gari la marehemu, mlango umechokolewa, na mtu wasiyemjua ameshika usukani.

"Mwizi!"

"Ni gari ya Nalianya! Wanaiba gari ya marehemu!"

"Shika yeye! Shika!"

Mbuthia alikuwa fundi wa Jogoo Road, alijua umati wa namna hiyo hausikilizi mtu mwenye ovaroli na chuma bapa mkononi. Hakuaga. Aliacha pikapu ikinguruma, nyaya zikiwa bado zimefungwa, akapotelea kati ya nyumba. Kukimbia kwake kukawa kuni kwenye moto.

"Mwingine ametoroka! Msiache huyu!"

Wakoli alivutwa nje kwa ukosi wa shati. Vifungo viliruka. Alikuwa bado ameshika rimoti, akiibonyeza, akiibonyeza, na alamu ikizidi kumpigia kelele masikioni.

"Mimi si mwizi! Gari ni ya ndugu yangu!"

"Kama ni yako, zima!" kijana mmoja alimpigia kelele. "Zima basi tuone!"

"Natafuta... inakataa..."

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Amekufa!"

Loo, hapo akajiharibia kabisa. Kofi la kwanza lilitua. La pili likafuata, kisha ngumi iliyotoka nyuma. Mtu alikuwa ameshika jiwe, mwingine nusu ya tofali. Kutoka nyuma ya umati sauti moja, wala haikuwa na hasira, ilisema kwa utulivu kama mtu anayeagiza chumvi: "Leteni tairi na petroli."

Ngigi, muuza nyama wa Soko la Burma, alisukuma watu akaingia katikati na panga lake la kazi. Alikuwa rafiki wa Nalianya, alibeba jeneza lake kutoka mochari. Akamwona Mideva, akainua mkono watu wangoje.

"Mama Lorine! Huyu mtu unamjua?"

Nyuso zote zikamgeukia. Alamu ililia. Wakoli alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, damu ikimtoka puani, akamtazama Mideva kutoka chini, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi amtazame machoni.

Mideva alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, neno fupi tu la ndiyo. Na hakulisema. Aliona kikombe kikiwekwa chini. Aliona mapazia yake yakipimwa kwa macho. Aliona Lorine akirudishwa kutoka shule na sanduku lake kichwani. Akaona vile vile kwamba hahitaji kufanya kitu, hahitaji hata kusema uongo. Anachohitaji ni kukaa kimya kidogo zaidi, na gari litabaki pale pale lilipo. Wazo hilo lilimjia waziwazi, na hakulifukuza mara moja. Huo ndio ukweli, na tusimpake mafuta.

"Mama Lorine, sema!" Wakiuru alimshika mkono, sufuria ikaanguka, maharagwe yakatapakaa. "Sema kitu, mama! Watamuua!"

Yule mwenye tofali akasogea.

"Ni lake!" Wakoli alipiga ukunga. Sauti yake ilipasuka kama ya mtoto. "Gari ni lake huyu mama! Ni la Mideva! Muulizeni yeye, mwenye gari ni yeye! Mimi sina gari hapa, nawaapia kwa Mungu, gari ni lake!"

"Ni shemeji yangu," Mideva alisema.

Hawakusikia kwa sababu ya alamu. Akajitupa mbele, akasimama kati ya tofali na kichwa cha Wakoli, akatanua leso yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku.

"Ni shemeji yangu! Ngigi, ni ndugu yake Nalianya, mtazame pua! Mwacheni! Ni wangu huyu, mwacheni!"

Ngigi alimtazama Wakoli puani, kweli, akashusha panga. "Ni wa kwao," aliwaambia wengine. Lakini alamu ilikuwa bado inalia, na umati ukisikia alamu hauelewi kwamba mambo yameisha. Mideva akaenda kwenye gari. Akaingia. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akainama, akatoa kifuniko cha fyuzi, vidole vikatafuta gizani mpaka vikakigusa kile kidude. Akakibonyeza na kuhesabu kama alivyofundishwa. Moja. Mbili. Alipofika tano, kelele ikakatika.

Kimya kilichofuata kiliwaaibisha watu. Mwenye tofali aliliweka chini taratibu, kana kwamba amelikuta njiani. Wale wa nyuma wakakumbuka walikuwa wameacha vyakula jikoni.

"Mnaona?" Wakiuru alisema, akiwa chini anaokota maharagwe, machozi yakimtoka. "Mwenye gari ndiye anajua linapozimwa."

*

Mideva alimletea Wakoli maji kwenye karai na taulo safi. Shemeji alinawa akiwa kwenye kigoda cha Wakiuru, mbele ya kila mtu, maji yakageuka mekundu. Mkono wa shati ulikuwa umeng'oka. Hakuna aliyemcheka sasa. Mbuthia naye alikuwa amerudi, akachungulia kwanza kwenye kona, akaja kukaa ndani ya pikapu yake akijifanya anasikiliza injini.

"Ulikawia," Wakoli alisema. Alisema kwa sauti ya chini, maji yakimdondoka kidevuni. "Alikuuliza, ukakawia."

"Nilikawia, shemeji."

"Kwa nini?"

Mideva alitaka kusema ni hofu. Ingekuwa rahisi.

"Unajua kwa nini," alisema. "Na Mungu anisamehe, mimi pia najua."

Wakoli alijifuta uso kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa ufunguo, akautazama, akaushika tena.

"Yale niliyosema pale, mulamwa. Unaelewa niliyasema kwa sababu ya mawe. Si maneno ya kupeleka kwa wazee."

"Naelewa."

"Basi tuseme hayakusemwa."

Mideva alimtazama Wakiuru. Alimtazama Ngigi, aliyekuwa bado ameegemea ukuta na panga lake, hana haraka ya kurudi Burma. Aliwatazama wanawake waliojaa kwenye milango, nguo zile zile kavu mikononi.

"Yamesikika, shemeji," alisema kwa upole. "Mimi sitayapeleka. Lakini hapa kila mtu ana ndugu Kimilili, au ana jirani mwenye ndugu huko. Utafika uyakute yamekutangulia."

Mwishowe Wakoli aliweka ufunguo na rimoti yake iliyokufa kwenye ukingo wa karai, akainuka kutafuta koti. Lilikuwa limeanguka na kukanyagwa. Mideva aliliokota, akalikung'uta mara kadhaa, akamshikia alivae, mkono wa kwanza, kisha mkono wa pili, kama inavyompasa mke wa ndugu.

"Utakula kwanza," alimwambia. "Basi za kwenu zinaondoka jioni."

"Sina njaa."

"Utakula, shemeji."

Kisha akaenda garini. Mbuthia alimwambia aliwashe na aliache lingurume, betri ipate uhai. Mideva akaketi tena kwenye kiti cha Nalianya, mchana kweupe, siku kadhaa kabla ya makumbusho, na majirani wote wakimwona. Aliingiza ufunguo. Alipotaka kukanyaga mafuta, miguu haikufika, kwa maana mumewe alikuwa mrefu na Wakoli alikuwa amekisukuma kiti nyuma zaidi. Akainama, akatafuta kile chuma cha chini, akakivuta kiti mbele mpaka miguu yake ikafika.